Jamaa wa Songea, Mahindi ya Iowa na Glasi Moja ya Bia

Kuna jamaa mmoja, mtoto wa Songea, maeneo ya Lizaboni, yuko Des Moines jimbo la Iowa huko Marekani. Mwaka wa tisa sasa anapiga boksi. Wadau wa mbele mnaelewa boksi ni nini: ghala kubwa, zamu ya usiku, mgongo unaanza kuuma Jumatano na kuacha Jumapili jioni, ukikumbuka kwamba kesho tena. Sio mtu wa maneno mengi. Kwenye sherehe za Wabongo kule anajulikana kama yule jamaa wa soda. Wengine walidhani kaokoka, wengine walidhani ni Muislamu, wakati jina lake la ubatizo liko kwenye kitambulisho cha kazini kila mtu analiona.

Hakuokoka. Aliyeokoka ni mama yake.

Basi bwana, Agosti iliyopita pale kazini kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu anastaafu. Mzee wa miaka sitini na kitu, amekulia shambani, mikono kama ya wazee wa Namtumbo, kucha nene na vidole haviwezi kunyooka vizuri. Huyu mzee ndiye aliyemfundisha jamaa kuendesha foklifti na ndiye aliyemkopesha dola mia mbili gari lilipozima wakati wa theluji, akakataa kulipwa. Sasa siku ya Jumamosi akasema anataka kuwatoa watu wa zamu yake kwenye kiwanda kimoja kidogo cha bia. Huwezi kukataa.

Hivi viwanda vidogo kule vimejaa. Bia zao wanaziita krafti, yaani bia za kutengenezwa kwa mikono ya watu wachache, sio zile za matenki marefu kama ghorofa. Hiki kilikuwa zamani gereji ya matairi. Ukiingia unaona meza za mbao, nyuma yake kioo, nyuma ya kioo matenki ya chuma yanang'aa. Watoto wapo, mbwa wapo, bibi kizee anafuma sweta pembeni. Jamaa alisimama mlangoni akiwaza kama kweli hapa ni baa. Baa anayoijua yeye haina sweta.

Mzee akaagizia watu wote. Jamaa akasema yeye soda. Mzee akamwangalia, akasema, "Onja tu, usiponda utaniachia mimi. Lakini onja. Mahindi yaliyomo humu yametoka shambani kwa kaka yangu."

Hapo ndipo alipobanwa. Kwa mtu aliyelelewa kusini, ukiambiwa hiki chakula kimetoka shambani kwa ndugu yangu, halafu ukasukuma sahani, umemtukana mwenye shamba na umemtukana na aliyekukaribisha. Miaka kumi hajagusa pombe. Akashika glasi.

Ilikuwa bia nyepesi, asilimia 4 na kidogo, rangi ya njano iliyopauka kama nyasi za kuezekea zikikauka, safi kiasi kwamba aliona vidole vyake upande wa pili. Povu jeupe, halikukaa sana. Kwanza akainusa. Wenzake wakacheka, wakadhani anajifanya mtaalamu. Kumbe anainusa kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu ana miaka saba: pombe inanuswa kwanza, mdomo baadaye, maana pua inajua kama imeharibika kabla tumbo halijajua.

Harufu ilikuja kwa mbali. Mahindi ya kuchemsha, ile dakika unapofunua sufuria. Halafu kitu kama mkate mkavu, na mwishoni harufu ya majani, ambayo ni hopsi. Akanywa funda moja. Utamu mdogo sana, kama maji yaliyochemshiwa mahindi, kisha uchungu kidogo unaopita bila kukaa, kisha hakuna kitu. Kooni ilishuka kama maji ya mtungi. Kusema kweli ni bia nzuri kwa siku ya jua, na siku hiyo jua lilikuwa kali, unyevu wa Iowa mwezi wa nane unakufanya ujione uko Kyela.

Cha kwanza alichokikosa ni uchachu. Cha pili alikosa kitu cha kutafuna. Pombe ya mahindi anayoijua yeye inabaki kwenye midomo, inabidi ujifute kwa kiganja.

Dada aliyekuwa anahudumia alimwona anaikazia macho glasi, akaanza kumweleza. Hawa watu wa krafti ukiwauliza swali moja wanakupa somo zima. Akasema wameweka shayiri iliyooteshwa, na sehemu kama moja ya tano ni mahindi yaliyopitishwa kwenye mvuke yakabanwa yakawa bapa. Mahindi yanaifanya bia iwe nyepesi na safi. Halafu inakaa kwenye baridi wiki kadhaa ndipo inywewe, ndiyo maana inaitwa laga, neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi.

Historia yenyewe inachekesha kidogo. Kule Bavaria mwaka 1516 watawala walitoa amri kwamba bia ni shayiri, maji na hopsi, basi. Wajerumani wakahamia Marekani karne ya 19 na ufundi wao, wakakuta shayiri ya kule ina protini nyingi, bia inatoka na ukungu na uzito. Wakaona mahindi yamejaa kila mahali. Wakachanganya, bia ikang'aa. Marekani nzima ikanywa hiyo. Baadaye makampuni makubwa yakaitengeneza mpaka ikawa kama maji, na vijana wa krafti walipoibuka wakaanza kuyatukana mahindi: eti mahindi ni ujanja wa kupunguza gharama, bia ya kweli ni kimea kitupu. Chama chao cha viwanda vidogo, Brewers Association, kilikuwa na kipengele kabisa cha kuwabana wanaotumia mahindi na mchele, na kikaja kukilegeza mwaka 2014. Mwaka 2019 tena Bud Light wakatoa tangazo kwenye Super Bowl kuwasema wenzao wa Miller Lite na Coors Light kwamba wanatumia sharubati ya mahindi. Wakulima wa mahindi wakanuna, kesi ikaenda mahakamani. Sasa fikiria uko Iowa, jimbo linaloongoza Marekani kwa mahindi, unaangalia mpira, unasikia mahindi yako yanatangazwa kama kashfa!

Mzee aliisimulia hiyo kama mtu anayesimulia msiba wa ukoo. Kaka yake, alisema, alizima televisheni.

(Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Geuza chupa yako hapo baa usome maandishi madogo ya nyuma, usishangae ukiyakuta mahindi.)

Jamaa alikuwa anasikiliza anaitikia kwa kichwa. Akamuuliza dada swali moja tu: kwa nini msiweke mahindi matupu? Dada akajibu kwamba mahindi peke yake hayawezi kujigeuza sukari vizuri, yanahitaji nguvu ya kimea cha shayiri iyafungue. Jamaa akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Hilo alilijua kabla hajajua kusoma.

Ndipo mlango wa kule kwenye matenki ukafunguliwa. Kumbe siku hiyo walikuwa wanapika. Mvuke ukatoka na harufu ya nafaka iliyomwagiwa maji ya moto, harufu nzito, ya uji, tamu, ile ya saa kumi na moja alfajiri. Jamaa akaweka glasi mezani, akasema anatoka kidogo. Akaenda kusimama kwenye maegesho ya magari. Mzee akadhani bia haijampendeza, akainywa.

*

Mama yake alikuwa anapika komoni.

Kwa wasiojua, komoni ni pombe ya kienyeji ya mahindi, iko sana mikoa ya kusini na nyanda za juu. Kila mpishi na mkono wake, lakini kwa Bi mkubwa ilikuwa hivi. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Unatolewa, unakaangwa kwenye bati juu ya moto huku unageuzwa na koleo mpaka uwe kahawia, na hiyo kazi inaunguza nyusi. Pembeni ulezi umelowekwa, umeoteshwa chini ya majani ya mgomba, umeanikwa, umesagwa. Hicho ndicho kimea. Vyote vinakutana kwenye pipa na maji, pombe inaanza kuongea usiku, inatoa mlio kama watu wananong'ona. Inachujwa, inauzwa hiyo hiyo siku na kesho yake. Keshokutwa ni siki. Haina kungoja wiki kadhaa kwenye baridi. Mteja analipa kwa lita, anakaa kwenye benchi, anakunywa chakula na kinywaji kwa pamoja.

Kwa hiyo pesa ndiyo watoto wanne walisoma. Jamaa mwenyewe alimaliza kidato cha nne kwa komoni, na alipobahatika na mambo ya safari, sehemu ya nauli ilitoka kwenye kibubu kilichojaa sarafu zinazonuka chachu. Shuleni walimwita mtoto wa kilabuni. Alikuwa anaona aibu, anabadilisha shati kabla ya kwenda shule, na bado harufu inamfuata. Mambo hayo anamwambia mke wake tu, na mkewe naye ndiye aliyeyatoa nje mpaka yakafika hapa, kwa ruhusa yake, mradi majina yasitajwe.

Mdogo wake, kitinda mimba, yeye hakuona aibu. Alikuwa ndiye mwenye kuosha makopo, na kila kopo lililobaki na kidogo alikuwa analimalizia. Watu wazima walikuwa wanacheka. Mtoto wa miaka tisa anayumba kwenda kuchota maji, watu wanacheka! Kwa komoni ile labda angekua tu akawa mlevi wa kawaida wa mtaani, Mungu ndiye anajua. Lakini zikaja zile pombe kali za vifuko, viroba, vya bei ya kutupa, unaweka mfukoni mwa shati na kunywa ukiwa juu ya bodaboda. Kijana alikuwa dereva wa bodaboda. Alifariki mwaka 2014, ana miaka 26, macho ya njano kama mahindi ya Iowa.

Siku ya kuanua matanga Bi mkubwa alitoa mapipa yote nje. Hakuyauza. Aliyatoboa kwa nyundo na msumari mbele ya watu ili asipatikane hata jirani wa kuyatumia. Miezi michache baadaye akaokoka. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, jamaa alipiga simu kutoka Marekani akidhani atamfurahisha. Mama akasema neno moja.

"Wamechelewa."

Siku moja waligombana kwenye simu, ugomvi wa kweli. Mama alikuwa anasema mikono yake ina laana, ndiyo iliyomuua mtoto. Jamaa akashindwa kuvumilia, akasema, "Mama, usiseme hivyo. Komoni ndiyo iliyonisomesha."

Mama akajibu, "Na ndiyo iliyomzika mdogo wako."

Tangu siku hiyo hawakulitaja tena. Pesa anatuma, salamu wanapeana, bei ya mbolea wanaijadili, wajukuu wanaimba kwenye simu. Jina la kijana halitajwi. Pombe haitajwi. Na jamaa akawa mtu wa soda. Hakula kiapo, ila kila akishika chupa anaona lile pipa lina matundu.

*

Jumapili asubuhi, kesho yake baada ya ile glasi, jamaa aliamka mapema. Saa moja kwake, Songea saa tisa alasiri. Mama ametoka kanisani, amekula, amekaa kibarazani. Mkewe alikuwa jikoni, alisikia yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona mapema, kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Mama, jana nimekunywa bia."

Kimya. Mkewe anasema aliacha hata kukoroga chai.

"Ya nini?" mama akauliza.

Jamaa akadhani anaulizwa sababu. Akaanza kujitetea, mara mzee anastaafu, mara ni funda mbili tatu. Mama akamkatiza.

"Nakuuliza ya nini. Ya ngano, ya shayiri, ya nini?"

"Ya mahindi, mama. Mahindi na shayiri."

Kimya tena. Halafu ile sauti ambayo jamaa hajaisikia miaka kumi, sauti ya mtu aliyesimama juu ya pipa na mwiko mkononi: "Kimea chao cha nini?"

"Shayiri."

"Wanaikaanga?"

"Mahindi hawakaangi. Wanayapitisha kwenye mvuke halafu wanayabana yanakuwa kama chapati."

"Hawakaangi? Sasa rangi wanapata wapi?"

"Haina rangi mama. Nyeupe, ya njano kidogo. Unaona mpaka upande wa pili."

"Mahindi gani, haya yetu?"

"Ya njano."

Mama akaguna. Watu wa umri wake wanaukumbuka unga wa njano wa msaada, ule uliobatizwa jina la Yanga, na hawajausamehe mpaka leo. "Yanga," akasema. "Wanapikia pombe Yanga. Na inachukua siku ngapi?"

"Wiki tano, sita."

"Wiki sita! Wateja wanasubiri wapi?"

Jamaa akacheka. Akaeleza baridi, akaeleza matenki, akaeleza bibi mwenye sweta. Mama akawa anauliza tu. Uchachu upo? Haupo. Povu? Lipo kidogo. Inalewesha? Kidogo sana, ukinywa moja huwezi kujua. Inauzwaje? Hapo jamaa akasita, maana alijua kinachofuata.

"Glasi moja dola sita."

"Za kwetu?"

"Kama elfu kumi na tano."

Bi mkubwa lita yake ya mwisho kabisa aliiuza shilingi mia tatu. Alikaa kimya, jamaa akadhani simu imekatika, akawa anaita haloo, haloo. Kisha akasikia mama anacheka, kicheko cha chini chini, cha puani.

"Angekuwepo mdogo wako," mama akasema, akataja na jina lake, "angesema Wazungu wamekuibia mchana kweupe."

"Angesema hivyo hivyo," jamaa akajibu. Sauti ilikuwa imeshaanza kumkatika.

"Angewauliza kama wanauza kwa mkopo."

"Angewauliza."

Mkewe anasema hapo wote wawili walikaa kimya muda mrefu, salio linakwenda, hakuna aliyejali. Alimsikia mama anapenga kamasi. Hakusema amejisamehe. Hakusema komoni ilikuwa kazi halali wala haikuwa halali, na Jumatano iliyofuata alikwenda kwenye maombi kama kawaida. Alichouliza kabla ya kukata simu ni kitu kingine kabisa.

"Na machicha wanayapeleka wapi?"

Enzi zake machicha yalikuwa ya nguruwe. Nguruwe wawili walikuwa wanakua kwa machicha ya komoni, na Desemba mmoja alikuwa anageuka sare za shule. Jamaa hakuwa na jibu. Akasema ataulizia.

Jumamosi iliyofuata alirudi pale kiwandani, peke yake. Akaagiza soda. Alipomuuliza yule dada kuhusu machicha, dada akampeleka mlango wa nyuma, akamwonyesha mapipa ya plastiki ya bluu yamejaa, bado yanafuka mvuke, na akamwambia kuna mfugaji anakuja kila wiki na gari kuyachukua bure kwa ajili ya ng'ombe wake. Jamaa akapiga picha. Akainamia pipa, akanusa, akaitumia ile picha Songea na sauti ya sekunde kumi.

Jibu lilimkuta yuko zamu, katikati ya boksi. Mama alikuwa amerekodi sauti, na kuku wanasikika nyuma yake.

"Bure?" alisema. "Machicha mazuri namna hiyo wanatoa bure? Waambie wafuge."